Dinamo na Tai ya Kijani

Mimi si mtu wa kusema. Darasani mwalimu akiniuliza kitu, jibu linakuja mpaka kwenye meno, linaona watu, linarudi. Kwa hiyo naandika. Mwaka ule wa vita, nilipokuwa darasa la nne la sekondari, nilijaza daftari zima, na humo sikutaja jina la mtu hata mmoja, maana vita vilikuwa vimetufundisha kwamba karatasi yenye majina inaweza kumtafutia mwenye jina kifo. Niliandika tu: mama wa mikate, tonton wa ukuta wa pili, mtu wa tai ya kijani. Nilidhani huo ndio usalama. Kumbe nilikuwa namtungia kaka yangu nyimbo.

Kaka yangu, yaya kama tunavyomwita nyumbani, alikuwa na orkesta ya watu wanne. Yeye alikuwa mdomo. Rafiki yake mmoja alikuwa na gitaa la nyuzi tatu. Mwingine alipiga ngoma, yaani bidoni mbili za mafuta, sufuria yetu kubwa na mfuniko wa pipa. Wa nne hakupiga kitu. Alikanyaga baiskeli.

Lazima nieleze kazi ya huyo wa baiskeli, maana bila yeye hakuna orkesta. Umeme ulikuwa unakuja pale ulipojisikia, na betri ziliingia mjini kwa ndege tu, kwa bei ya dawa. Basi waliisimamisha baiskeli juu ya stendi yake, gurudumu la nyuma likazunguka hewani, dinamo ya taa ikalisugua, na nyaya mbili zikapeleka moto kwenye redio-kaseti. Ndani ya redio kulikuwa na kaseti ya ngoma tupu za rap, iliyopatikana mfukoni mwa koti la mitumba. Yaya alitaka kutupa maneno yake juu ya ngoma hizo polepole, kwa hasira ya heshima. Lakini yule wa baiskeli alikuwa mtu wa moto. Wimbo ukimpendeza, anakanyaga. Akikanyaga, kaseti inakimbia. Kaseti ikikimbia, mwenye ngoma anaifuata mbio, na mwenye gitaa, ambaye alijua nyimbo mbili za kanisa tu, anaacha kutafuta nyuzi na kuzipiga zote pamoja. Mtu mmoja aliyesomea Kinshasa akawaambia kwamba kelele za namna hiyo zipo Ulaya, zinaitwa punk, na mtu akizichanganya na rap ni kitu cha kisasa kabisa. Walifurahi sana. Walichana suruali zao magotini siku hiyohiyo, na mama akazishona siku hiyohiyo.

Mazoezi ya kwanza, nusu ya watu wa avenue yetu pale Kabondo walilala chini ya vitanda. Wakati ule sote tulikuwa tumesomea silaha kwa masikio. Tonton wa ukuta wa pili, mjomba wa mtaa mzima, ndiye aliyekuwa profesa: alijua kubwa na ndogo, ya karibu na ya mbali, inayokuja na inayokwenda. Alisimama katikati ya uwanja wake, akasikiliza, kisha akatangazia mtaa.

"Mutoke. Hii haiko silaha. Iko ujinga."

Sasa, jirani yetu mmoja, mfanyabiashara wa kutoka Butembo, Mkatoliki wa misa ya asubuhi, alikuwa anamaliza mwaka wa matanga ya mama yake. Kwetu siku hiyo nguo nyeusi zinavuliwa, watu wanakula, wanacheza, marehemu anapumzika vizuri. Mtu wa uwezo wake anapaswa kuweka orkesta. Lakini mto, njia yetu ya Kinshasa, ulikuwa umefungwa, na orkesta za kweli zilikuwa zimekwama upande mwingine wa vita. Akaja kwetu, akasimama mlangoni na kofia mkononi.

"Munapigaka rumba?"

"Tunapiga yote, papa," yaya alisema.

"Ile ya polepole?"

"Inategemea baiskeli."

Mzee alidhani ni mzaha wa vijana. Akakubali.

Shida ya yaya ilikuwa maneno. Mpaka hapo nyimbo zake zote zilikuwa kuita majina ya komini, yaani mitaa mikubwa ya mji, moja baada ya nyingine, kisha kurudia kutoka mwanzo. Wiki moja kabla ya sherehe nilikuwa nasugua sufuria (ile ya ngoma, ilikuwa zamu yake ya kupikiwa) nikamsikia ndani ya nyumba anasema kwa kishindo:

"Mama wa mikate, mikate inapungua, leo nimekula tundu, kesho nitakula harufu."

Sufuria ilinitoka mkononi. Hayo yalikuwa maneno yangu. Ukurasa wa kumi na mbili.

"Yaya, umetoa wapi?"

"Chini ya godoro yako," alisema, bila aibu hata ya kuigiza. "Weye hausemaki kintu, kumbe ndani mwako kuko radio trottoir muzima ya umbea wa mtaa. Hii daftari iko bon. Iko bon sana."

Nilitaka kumshitaki kwa mama. Lakini mama angeuliza nimeshitakia nini, na ningelazimika kueleza kwamba binti yake mpole, asiyeinua macho, ameandika mtaa wote kurasa kwa kurasa. Nikanyamaza. Ila kulikuwa na ukurasa mmoja ambao sikuweza kuunyamazia.

Ukurasa huo ulisema hivi: *Kuna mtu wa tai ya kijani. Asubuhi anaaga nyumbani kama mkurugenzi, mkoba mkononi. Ofisi yake haina mlango, haina kiti, haina hata panya. Saa tatu anafunga suruali kwa kamba, tai inaingia mfukoni. Nimemwona kule Mangobo, amebeba mbuzi nyuma ya baiskeli. Mbuzi alikuwa amekaa kama yeye ndiye mkurugenzi. Wa kwake nyumbani hawajui.*

Mtu huyo alikuwa papa, baba yetu mwenyewe.

Nilimwona mara moja tu, siku nilipotumwa Mangobo kununua chikwangue, ule mkate wa muhogo. Baiskeli za kubeba watu, toleka, zilikuwa zimepangwa pale kwenye kona, na mmoja wa waendeshaji alikuwa baba yangu, karani wa serikali kwa miaka kumi na saba, anabishana na mbuzi. Sikumwambia mtu. Yaya nisingeweza kumwambia hata kwa kumsihi, kwa sababu siri ikiingia kwa yaya inatokea kwa mama kabla ya chakula cha jioni, na mama alikuwa akipiga pasi lile shati jeupe kila usiku kwa makaa, kola mara mbili, akiringia majirani kwamba mume wake hajaacha kazi hata siku moja ya vita. Na yaya, kwa kuwa sikuandika jina, alikuwa amesoma ukurasa ule akicheka tu, bila kumtambua baba yake mwenyewe.

"Imba yote," nilimwambia. "Ule wa tai uuache."

"Juu ya nini? Ule njo muzuri kupita yote."

"Uuache tu, yaya."

"Ni nani, ule mutu?"

"Simjui."

Aliniangalia. Mimi niliangalia sufuria.

Asubuhi ya sherehe Mungu alinipa mlango, au nilidhani hivyo. Yule wa baiskeli alikuwa amekwenda nayo upande wa Ubundu kuchukua mafuta ya mawese, na hakurudi. Turubai limefungwa, viti vimepangwa, mbuzi amechinjwa, na orkesta haina miguu. Yaya alitokwa na jasho mpaka kwenye ile fulana aliyoichorea fuvu la kichwa kwa makaa, na fuvu likaanza kulia machozi meusi.

"Utafute toleka mwenye dinamo," aliniambia. "Ukimuleta mbele ya saa sita, ule wa tai siimbi. Kwa Mungu, siimbi."

Nikakimbia. Niliuliza toleka wote wa Kabondo, na kwangu kuuliza mtu mmoja nisiyemjua ni kazi ya juma zima. Hakuna aliyekuwa na dinamo. Tangu watu walipokatazwa kutembea usiku, waendeshaji wote walikuwa wameng'oa taa zao na kuziuza. "Taa ya nini, mama?" mmoja aliniuliza. "Ya kumulika jua?"

Hapo nikajua nakokwenda. Katika mji mzima nilikuwa nimeona baiskeli moja tu yenye taa mbele, taa nyuma na dinamo iliyopakwa mafuta. Ilikuwa na mbuzi juu yake. Ni papa peke yake angeweza kukumbuka, katikati ya vita, kwamba kanuni ya barabara inadai baiskeli iwe na taa.

Nilimkuta pale kwenye kona, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi, miwani myeusi, suruali imefungwa kwa kamba. Aliniona kabla sijafika. Alishuka kwenye baiskeli taratibu, kama mtu anayeitwa na askari. Waendeshaji wenzake wakaanza.

"Papa Kanuni, umepata cliente."

"Mumwachie, huyu iko mwepesi, hana mbuzi."

Tulisimama. Hakuna kati yetu aliyejua aanze wapi. Nimerithi kwake, huu ugonjwa.

"Mama yako anajua?" hatimaye alisema.

"Hapana, papa."

"Yaya yako?"

"Hapana."

"Weye ulijua tangu lini?"

"Tangu mbuzi."

Alifikiri kidogo. "Ule mbuzi alikuwa mubaya sana," alisema.

Nikamweleza shida: orkesta, dinamo, saa sita. Kwamba atakaa nyuma ya turubai, hakuna atakayemwona, kwamba yaya hamwangaliagi mtu wa baiskeli, anaangalia wasichana. Ukurasa wa tai sikuutaja. Papa alisikiliza kama alivyokuwa akisikiliza watu wa mikoa ofisini, kichwa kimeinama, kisha akauliza kama afisa.

"Basi donc, ninakanyaga, na siendi popote."

"Ndiyo, papa."

"Kutwa nzima."

"Ndiyo."

"Kazi hiyo naijua. Nimeifanya miaka kumi na saba. Panda."

Tulifika saa sita kasoro. Nilimwingiza kwa nyuma, kupitia mahali pa kupikia, akakaa upande wa pili wa turubai mgongo ukitazama watu. Akaunganisha nyaya mwenyewe. Kipaza sauti cha yaya kilikuwa mkono wa simu ya zamani, na papa alipoushika aliugeuza mara mbili.

"Hii iko simu ya bureau yetu ya serikali," alininong'oneza. "Iko na alama ya jino. Chef wetu, mkubwa wa kazi, alitafuniaka hapa siku mishahara ilikuwa inakosa." Akaniangalia juu ya miwani. "Kumbe ilikuja kuimba."

Wakaanza. Lazima niseme ukweli, waliimba vizuri. Papa alikanyaga kwa kanuni, mwendo mmoja, kama saa ya kanisa, na kwa mara ya kwanza ngoma za rap zilikuwa ngoma za rap. Na kwa sababu hazikukimbia, kila neno la daftari langu lilisikika mpaka barabarani. Nilijificha kati ya masufuria nikingojea kuuawa.

Kwetu lakini mwanamuziki hamtaji mtu bure. Orkesta kubwa zinatupa mabanga, yaani zinaita jina lako katikati ya wimbo, na aliyeitwa anasimama, anatikisa mabega, anakwenda kumbandika mwimbaji noti kwenye paji la uso. Kutajwa ni cheo. Mimi niliyeandika masengenyo nilikuwa nimesahau hilo. Yaya alipofika kwenye tundu la mikate, mama wa mikate alisimama, akakaza kitenge, akapita meza zote.

"Ni miye. Munasikia? Ni miye wa tundu."

Akaenda na sahani yake, akamtia yaya mkate mdomoni, mistari miwili ikapotea humo.

Kisha akaja tonton wa ukuta wa pili: anajua sauti ya kila silaha, hajui sauti ya mke wake akimwita kuteka maji. Mke alicheka mpaka akashikwa na watu. Tonton akainuka, akainamia kulia, akainamia kushoto, akasalimia kama mbunge. Katekista, ambaye nilikuwa nimeandika kwamba sala zake zinarefuka mpaka pondu, kisamvu chetu, iive, alileta noti na kuibandika yeye mwenyewe, kwa mate. Wale ambao hawakutajwa walianza kununa. Mama mmoja alimshika mwenye gitaa kwa mkono: "Miye nimewakosea nini?"

Aliyenuna kuliko wote alikuwa mwenye matanga. Alisimama mbele ya yaya, wimbo ukiendelea.

"Matanga iko yangu. Viti iko yangu. Mbuzi iko yangu. Na miye?"

Yaya alifungua daftari. Nilimwona akigeuza kurasa, mbele, nyuma. Mzee yule nilikuwa sijamwandika, hakuwahi kufanya jambo la kuandikwa. Yaya akainua macho, akaona kwamba mzee leo amevaa tai. Nikajua kabla hajafungua mdomo. Ahadi ya yaya ilikufa hapo, mbele ya watu mia, bila yeye hata kuiona.

"Hii ya papa mwenye matanga," alisema ndani ya simu. "Kuna mtu wa tai ya kijani..."

Mzee akaanza kucheza.

"Asubuhi anaaga nyumbani kama mkurugenzi, mkoba mkononi..."

Wanawake walikuwa wamekaa pamoja kwenye meza moja, mama katikati yao, sahani magotini. Nilitaka kukimbilia mbele, nizime, ning'oe waya. Nilichoweza ni kugeuka nyuma ya turubai. Papa alikuwa ameacha kukanyaga kwa kanuni. Miguu ilikuwa imesimama kabisa, na ngoma za kaseti zilikuwa zinashuka, nzito, kama mtu anayezama. Kwa mwendo ule kila silabi ingeonekana kama nguo kwenye kamba.

"O-fi-si ya-ke ha-i-na mla-ngo..."

Papa aliniangalia. Uso wangu ulisema kurasa zote mia. Alinielewa mimi kwanza, nadhani, kabla ya kuelewa wimbo. Kisha akashika usukani kwa mikono miwili, akainuka juu ya kiti, akakanyaga.

Sijawahi kuona karani wa serikali akikanyaga namna ile. Kaseti iliruka. Mwenye ngoma aliangalia redio, akaangalia mbingu, akaifuata. Mwenye gitaa aliachana na nyimbo zote mbili za kanisa. Yaya alitupa maneno mbio, *saa tatu anafunga suruali kwa kamba*, lakini kilichotoka kwenye simu kilikuwa *tatatamba-buzi-tatamba*, na wageni wa Butembo mezani kwao wakaambizana kwamba kijana anaimba Kiingereza. Papa alizidisha. Mfuniko wa pipa uling'oka, ukabingirika mpaka jikoni, ukaingia kwenye moto. Wazee waliokuja kulia walicheza. Mwenye matanga alikuwa anaruka, tai yake (nyekundu, kwa taarifa) ikimpiga usoni, na hakuna aliyesikia neno hata moja la ukurasa ule, mpaka dinamo ilipotoa moshi, kaseti ikatapika utepe wake wote, na kukawa kimya.

Mwenye matanga alimkumbatia yaya. "Sasa hii," alisema akihema, "njo mama yangu angependa."

Papa alikuwa ameegemea usukani, shati limeganda mgongoni. Nilimpelekea maji. Alikunywa, akarudisha kikombe.

"Ule mutu wa tai," alisema polepole. "Uliandika ya kijani. Iko ya bluu."

"Samahani, papa."

"Hata hivyo, quand même, mutu akiandika, aandike kweli."

Hapo ndipo mama aliponiita. Alikuwa amesimama kwenye sufuria ya nyama, kijiko mkononi, anapakua bila kuniangalia.

"Ule wa baiskeli amefanya kazi. Umupelekee."

Akaweka wali. Akaweka kipande cha mbuzi. Akakichagua kingine, akakiweka juu. Nyumbani kwetu, tangu vita vianze, kuna sahani moja tu inayowekewa vipande viwili, na mama hajawahi kuikosea.

Nilibeba sahani ile kwa mikono miwili mpaka nyuma ya turubai. Papa alivihesabu vipande kwa macho.

"Nani ametuma?"

"Mama."

Alivua miwani myeusi, akaiweka mfukoni, akala. Alimaliza vyote viwili.

Yaya alinirudishia daftari jioni, akaomba radhi kwa kusahau, akasema eti kwa bahati haikusikika. Mpaka leo hajui. Orkesta ilikufa na ile kaseti, na yeye akarudi kwenye kuita majina ya komini.

Jumatatu papa alivaa shati lililopigwa pasi, kola mara mbili. Mama alimpa mkoba, akamsindikiza mpaka mlangoni kama kila siku, akamfuta kitu begani ambacho hakikuwepo. Mimi nilikuwa nafagia.

"Ukanyage mupole," mama alimwambia.

Papa alisimama. Akafungua mdomo, jibu likaja mpaka kwenye meno, likaona watu, likarudi. Akatikisa kichwa tu, akashika njia ya Mangobo. Nilimwangalia mpaka alipopinda kona, kisha nikaweka ufagio chini, nikaingia ndani, nikafungua ukurasa ule, nikafuta kijani, nikaandika bluu.